Toph Haoni Longech

Tangu Netflix ilipotoa toleo la waigizaji halisi la Avatar: The Last Airbender mnamo Februari 2024, simu yangu haijatulia. Vijana niliowafundisha Kakuma, pamoja na wadogo zao walioko shuleni Lodwar, wameirudia kazi tuliyoianza zamani: kuwachukua wahusika wa ile katuni na kuwaandikia kanuni ili wachezwe mezani kwa dadu, karatasi na penseli. Mmoja alinitumia picha ya karatasi ya Aang, Avatar mwenyewe, ambayo kila nafasi ameijaza namba ya juu kabisa. Nguvu 20, wepesi 20, hekima 20. Mwingine, mzaliwa wa Longech kama mimi, alimwandika Toph, yule msichana kipofu anayeona kwa nyayo za miguu, na chini ya karatasi akaniuliza: "Mwalimu, Toph akija kwetu ataona nini?"

Nimekaa na swali hilo kwa muda, na kila nikilijibu najikuta nimerudi nyuma zaidi, mpaka utotoni.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe, nieleze. Watu wanne au watano huketi pamoja. Mmoja wao ni msimulizi: ndiye anayeeleza mahali walipo, hatari iliyo mbele yao na watu wanaokutana nao njiani. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, naye husema mhusika huyo anafanya nini. Panapokuwa na shaka, dadu hurushwa na kanuni zikaamua. Dungeons & Dragons, uliofungua njia ya michezo hii, ulichapishwa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Tangu hapo karibu kila tamthilia ya miujiza inayopendwa imepata watu wanaotaka kuihamishia mezani. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana. Runingani mwandishi ameshaamua nani ashinde na nani afe. Mezani hakuna aliyeamua, na shujaa aliyekuwa akilindwa na mwandishi wake anabaki na kanuni peke yake.

Longech ni rasi ya mchanga iliyoingia Ziwa Turkana na kuitenga ghuba ya Ferguson na maji makuu. Upande mmoja ni ghuba, upande wa pili ni ziwa lenyewe na Kisiwa cha Kati kikionekana kwa mbali. Nyumba ni za majani ya mkoma. Samaki waliopasuliwa hukauka juani, na upepo huvuma hata ukasahau kwamba kuna mahali duniani pasipo na upepo. Nilipokuwa mdogo hatukuwa na umeme. Runinga tuliifuata Kalokol, kwa mashua kisha kwa miguu, ambako mtu mmoja alikuwa na jenereta, deki na kanda chache za vidio. Kanda aliyoipenda kupita zote ilikuwa ya Hercules, ile tamthilia ya Kevin Sorbo iliyoanza mwaka 1995.

Mwenye vidio alikuwa na kipaji. Alipunguza sauti na kusimulia mwenyewe, Kiswahili na Kiturkana kikipokezana, miaka mingi kabla sijamsikia DJ Afro akisimulia filamu kwa namna hiyo. Katika masimulizi yake Hercules hakuwa mtoto wa mungu wa Wagiriki. Alikuwa kijana ambaye mifugo ya mama yake imeibwa, naye anaifuata nyayo kwa nyayo. Dubwana la vichwa vingi likawa mlinzi wa kisima. Hatukuona kilichopungua. Stelingi alikuwa na sababu ya kwenda aendako, na sababu hiyo tuliijua majumbani mwetu. Nikitazama nyuma, mtu yule ndiye mwalimu wangu wa kwanza katika kazi hii. Alibadilisha kila kitu cha nje, akaacha lile moja linalomfanya mtu aondoke kwao.

Kesho yake tulicheza Hercules mchangani, na kila mara mchezo uliishia kwa ugomvi. "Nimekupiga!" "Hujanipiga!" Hakuna aliyekubali kuanguka, kwa kuwa kila mmoja wetu ni stelingi na stelingi hafi. Ndipo kijana mmoja aliyetuzidi umri akaweka sharti: kabla ya mchezo kila mtu ataje nguvu yake moja, na palepale ataje kinachomshinda. Asiyetaja kinachomshinda hachezi. Mimi nilisema Hercules wangu hawezi kumpiga anayeomba msamaha. Siku hiyo wenzangu walinizunguka wakaomba msamaha wote kwa pamoja, wakanivua silaha, nikafungwa kamba ya wavu. Mchezo ukaendelea hadi jioni bila ugomvi, na wote walikumbuka kilichotokea, jambo ambalo halikuwahi kutokea tulipokuwa tukishinda wote.

Mwaka 1998, nami sina habari, kampuni ya Marekani iitwayo West End Games ilitoa sanduku la kanuni za kucheza Hercules na Xena mezani. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka huohuo. Niliposoma habari zake ukubwani nilifikiri juu ya yule kijana wa Longech na sharti lake moja, ambalo halikuhitaji sanduku.

Nyanya yangu hakuwa na haja na Hercules. Yeye alikuwa na Lokerio. Lokerio alikuwa emuron, mwonaji mkuu wa Waturkana, na mwanahistoria John Lamphear, aliyekusanya masimulizi ya wazee wetu, anamweka katika karne ya 19. Inasimuliwa kwamba alilipiga ziwa kwa fimbo, maji yakaachana, mashujaa wakavuka kwenda ng'ambo ya mashariki wakarudi na ngamia. Mtoto yeyote akisikia hayo anataka fimbo. Nyanya hakutuacha tukae kwenye fimbo. Kila aliposimulia alirudi kwenye ndoto. Emuron huona kwa ndoto, na ndoto hutoka kwa Akuj, yaani Mungu. Hawezi kuiita, hawezi kuiharakisha. Ikija na ikataja ng'ombe wa rangi fulani, ng'ombe wa rangi hiyo ndiye atakayechinjwa, na mwenye ng'ombe akikataa, safari haipo. Lokerio wa nyanya aliishi akingoja. Uwezo wake ulikuwa mkubwa kuliko wa Hercules mara nyingi, na bado alikuwa amefungwa pande zote.

Nilipoanza sekondari Lodwar nilipita kila muhula kwenye nguzo za Namoratunga, zilizo kando ya barabara ya Kalokol. Wasomi wameziandikia mengi. Mwaka 1978 Lynch na Robbins walidai kwamba zilisimikwa kufuata mapito ya nyota, na wengine wamebishana nao tangu hapo. Sisi tulijua kwamba ni watu. Walikuwa wakicheza ngoma, akaja mgeni ambaye hakuwa mtu, wakamcheka, wakageuka mawe wakiwa kwenye mchezo. Abiria wengi huweka jiwe dogo juu ya nguzo kabla ya kuendelea na safari. Nilikuwa nikiwaeleza wanafunzi wenzangu kutoka Kitale na Eldoret hadithi hiyo, na swali lao lilikuwa moja: yule mgeni alikuwa na nguvu gani nyingine? Sikuwa na jibu, wala wazee hawana. Hadithi imetaja jambo moja tu, usimcheke, na limetosha kuwatia watu hofu miaka yote hii. Mtu anayeandika kanuni za uchawi angefaa kusimama pale kwa muda. Ukurasa mzima wa nguvu za jini hausemi mengi kuliko sharti moja ambalo mchezaji anajua anaweza kulivunja.

Kisha Kakuma. Kambi hiyo ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana wa Sudan waliotembea wakikimbia vita, na nilipofika kufundisha ilikuwa na Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengine, na darasa langu moja lilikuwa na lugha zaidi ya madawati. Kiswahili kilituunganisha, cha Bukavu upande huu, cha Eastleigh upande ule. Mgeni mmoja aliyekuja kujitolea aliniachia kitabu cha Dungeons & Dragons na mfuko wa dadu alipokuwa akirudi kwao. Nikaanza kucheza na wanafunzi baada ya vipindi. Majumba ya mawe na mazimwi ya Ulaya hayakuwagusa. Walichokuwa wakikitazama kwenye diski, wakikijua neno kwa neno, ni Avatar, ile katuni ya Michael Dante DiMartino na Bryan Konietzko iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza kati ya mwaka 2005 na 2008. Wakataka hiyo.

Tatizo la kwanza lilikuwa Sokka. Katika kundi la Aang, mmoja anaongoza hewa, mwingine maji, mwingine ardhi, mwingine moto. Sokka ana bumerangi na maneno mengi. Kwenye katuni hatumwoni kuwa mzigo kwa sababu waandishi wanampa wakati wake: yeye ndiye anayepanga, ndiye anayegundua. Mezani, kijana aliyemshika Sokka alikaa mikono mapajani huku mwenye Aang akimaliza kila jambo. Nilikuta baadaye kwamba tatizo hili lilishapata dawa. Kampuni ya Eden Studios ilipoandika kanuni za tamthilia ya Buffy mwaka 2002, iliwapa mashujaa wenye nguvu alama 10 za kuyageuza mambo, na rafiki zao wasio na nguvu yoyote ikawapa 20. Mwenye nguvu anategemea nguvu, asiye nazo anategemea bahati, akili na ukaidi, na kanuni inamhesabia. Sisi tulitumia vizibo vya soda. Sokka alianza na rundo, Aang na vichache. Kizibo kimoja kilimruhusu mchezaji kusema, "Ngoja, nilishalifikiria hili jana," na jambo likawa. Baada ya hapo kila mtu aligombea kuwa Sokka.

Wakati huo tuliandika kwa kila mhusika mistari mitatu: anaweza nini, hawezi nini, anataka nini. Msichana mmoja kutoka Kongo alimchukua Zuko, mwana wa mfalme aliyechomwa uso na baba yake mwenyewe na kufukuzwa nchini. Kwenye "hawezi" aliandika: kumwacha mjomba wake, Iroh. Wenzake wakapinga, maana katika msimu wa pili Zuko anamgeuka mjomba, wote waliona. Akawajibu kwa utulivu kwamba ndiyo sababu ameandika. Akimwacha, alisema, basi alipe. Tukaweka malipo: siku atakapomwacha Iroh atapata anachokitaka, heshima ya baba, na tangu siku hiyo hatarusha dadu mbili tena ila moja, hadi atakapoomba msamaha. Aliicheza hivyo. Alimwacha, akarudi nyumbani kwa baba, na kwa muda mrefu akacheza kwa dadu moja bila kulalamika. Nilielewa hapo kwamba mpaka wa mhusika hauhitaji kuwa ukuta. Unaweza kuvukwa, mradi bei ijulikane kabla.

Siku iliyonifundisha zaidi ya zote ni ya Aang na hekalu. Mnajua kisa: Aang amelala barafuni miaka 100, na alipokuwa amelala watu wake wote wameuawa. Katika sehemu ya tatu anarudi kwenye hekalu alikolelewa na kukuta mifupa ya Gyatso, mlezi wake. Kijana aliyekuwa na Aang alitoka Sudan Kusini. Tulipofika mlangoni pa hekalu alisema: "Mwalimu, hapa si runinga. Sijaona bado kilichomo. Nirushe dadu, labda wako hai."

Kwa kanuni zilizoandikwa alikuwa na haki. Jambo lenye shaka hurushiwa dadu. Nikawarudishia wenzake waamue, kwa kuwa nilijua kwamba lolote nitakalosema mimi, mtu wa hapahapa Turkana ambaye kwetu ni mwendo wa saa chache, litakuwa jepesi. Walibishana hadi kengele ya jioni. Mmoja alisema amwache arushe, mchezo ni wa kufurahi. Mwingine akasema wakiwa hai basi huyu si Aang tena, ni mtoto aliyechelewa kurudi kutoka matembezini. Msichana wa Kisomali, ambaye kwa kawaida hakusema sana, alitoa shauri kwamba waliokufa wasirushiwe dadu, ila arushe kujua wameacha nini. Kijana akarusha. Ikatoka namba kubwa. Akaamua mwenyewe walichoacha: orodha ya majina ya watoto wote wa hekalu, imeandikwa ukutani kwa mkono wa Gyatso, na jina lake likiwemo.

Tuliandika kanuni ile juu ya daftari letu: yaliyokwisha kutokea hayarushiwi dadu. Sijaikuta katika kitabu chochote cha michezo nilichosoma tangu hapo kwa maneno hayo. Nawaza kwamba watu walioandika vitabu hivyo hawakupata kuihitaji.

Likizo moja nilizipeleka dadu Longech. Watoto wa ndugu zangu walikusanyika kivulini, tukacheza. Mzee mmoja wa jirani alisimama akatutazama kwa muda mrefu. Ieleweke kwamba kwetu kurusha kitu ili upate jibu ni jambo zito. Wapo waonaji wanaorusha viatu na kusoma vilivyoanguka, na mzee huyo ukoo wake ulikuwa na mtu wa namna hiyo. Aliuliza tunauliza nini. Nikamwambia: tunauliza kama mtu huyu wa hadithi ameruka shimo.

"Shimo ni pana?"

"Hapana, mzee. La kawaida."

"Sasa mnauliza ya nini? Kiatu hakiulizwi jambo ambalo jibu lake halibadilishi safari."

Akaenda zake. Nikazipitia kanuni zetu usiku ule nikafuta karibu nusu ya marusho. Mhusika anayejua kupanda mtumbwi anapanda. Anayejua kuwasha moto anawasha. Dadu zinabaki kwa mahali ambapo kushinda kuna njia yake na kushindwa kuna njia yake, na zote mbili zinatupeleka pengine. Wabunifu wakubwa wa michezo hii husema jambo hilohilo kwa kurasa nyingi.

Ni likizo hiyohiyo tuliyomleta Toph. Binti wa dada yangu alimchagua, akasimama pekupeku mchangani, akafumba macho akatangaza kwamba anawaona wote. Kaka yake akamkatalia. Alikuwa ameitazama ile sehemu ya jangwani, ambapo maktaba inazama na Toph anajaribu kuizuia isimezwe huku wezi wakimchukua Appa, nyati anayeruka wa Aang, na hawezi kufanya yote mawili. Mchanga unamtia ukungu. Ardhi imara humpelekea mtikisiko, mchanga huumeza. "Na hapa kwetu," mtoto akasema, "ni mchanga mtupu."

Alikuwa sahihi kabisa. Toph, ambaye kwenye katuni huwashinda watu wazima wenye misuli, Longech ni kipofu kweli. Mashuani ni kipofu zaidi, maana chini yake ni mbao na maji. Ataona vizuri akifika Kisiwa cha Kati, kwa sababu kisiwa kile ni mlima wa moto, mwamba kwa mwamba, na atakapokanyaga tu atamjua kila mamba aliyelala kando ya maziwa yaliyomo ndani yake. Tuliandika hivyo. Longech: haoni, mpaka ashikwe mkono. Mashuani: haoni. Kisiwani: anaona kila kitu, na wengine wote wanamtegemea, kwa kuwa ni usiku.

Binti yule alikasirika kwanza. Halafu akaanza kucheza. Alichagua nani amshike mkono, akamkosea adabu, akabadilisha, akajifunza sauti za watu, akauliza upepo unatoka wapi. Tulipovuka hadi kisiwani kwa hadithi, aliruka kutoka mashuani kwa furaha ambayo hakuna namba 20 ingeweza kumpa. Katara, yule anayeongoza maji, naye tulimwandikia kwamba nguvu zake zinafuata ziwa. Wazee wanakumbuka miaka ghuba ilipokauka watu wakavuka kwa miguu, na sisi tumeona maji yakipanda hadi yakameza nyumba. Mwaka upi Katara anakuja? Swali hilo peke yake lilitupa hadithi tatu.

Mwezi Agosti 2021 kampuni ya Magpie Games ilifungua mchango wa kuchapisha kanuni rasmi za Avatar, ikachangiwa na watu zaidi ya 81,000 kiasi cha dola milioni tisa na nusu, kiwango ambacho hakuna mchezo wa aina hii uliokuwa umekifikia katika michango ya namna hiyo. Nilizisoma kwa shauku na nilifurahi, ingawa si kwa kila kitu. Hisia zimegawanywa kwenye visanduku vingi mno kwa ladha yangu, na mapigano yana hatua ambazo watoto wa Longech wangechoka nazo. Lakini kiini ni kizuri. Huambiwi umchukue Aang. Unaunda kijana wako katika ulimwengu wake. Anayeongoza moto na anayeshika upanga wanapimwa kwa mizani moja, kwa hiyo Sokka ana kiti chake tangu mwanzo. Hakuna hesabu ya damu: mtu anachoka, anakasirika, anaogopa, anajiona mkosaji, na hayo ndiyo yanayomwondoa vitani. Na kila mhusika anavutwa na mambo mawili anayoyaamini, akielemea mno upande mmoja anapoteza mizani. Dadu ni mbili za pande sita, za ludo, ambazo duka lolote Lodwar linazo. Kumi na zaidi umefaulu, saba hadi tisa umefaulu kwa gharama, sita kushuka mambo yanageuka.

Sasa nawajibu vijana wangu.

Wewe wa Aang mwenye 20 kila mahali: rarua karatasi hiyo uanze na maneno mawili, "haui mtu". Ndiyo yaliyoushika msimu wa tatu, hadi mwisho kabisa alipokabiliana na Ozai, baba yake Zuko, huku kila mtu, hata Avatar waliomtangulia, akimwambia aue. Aliuchukua uwezo wa Ozai wa kuongoza moto, akamwachia uhai. Andika pia kwamba akiuawa akiwa katika ile hali yake ya nguvu zote, mzunguko wa Avatar wa kuzaliwa upya unakatika milele. Katuni yenyewe imekuambia hivyo. Nguvu yake kubwa kuliko zote ndipo alipo rahisi kuangamizwa. Mhusika mwenye mambo hayo mawili atachezeka mwaka mzima. Mwenye namba 20 tupu atakuchosha kabla ya chai.

Wewe wa Toph: umeshajibu swali lako kwa kuliuliza. Mwandikie ardhi za kwetu moja moja. Mchanga wa Longech, changarawe ya Turkwel, mawe ya Namoratunga ambayo yalikuwa watu. Uamue mwenyewe akiyagusa hayo anasikia nini.

Na nyote: Avatar ina wenyewe. Ichezeni nyumbani na shuleni, msiichapishe wala kuiuza. Lakini tangu Januari 2023 kanuni za msingi za Dungeons & Dragons zimewekwa wazi kwa leseni ya Creative Commons, na mtu yeyote, awe Lodwar, Kakuma au Kalobeyei, anaruhusiwa kujenga mchezo wake juu ya kanuni hizo na hata kuuza, mradi ataje alikozitoa. Lokerio hajaandikiwa kanuni, wala Nayece, mama aliyemfuata fahali akatuletea nchi hii. Wanaowajua vizuri ni wazee, nao wanapungua. Nendeni kwao likizo hii na daftari. Msiwaulize kwanza Lokerio aliweza nini, hilo watawaambia bila kuulizwa. Waulizeni alikatazwa nini, alingoja nini, na nani alikataa kutoa ng'ombe.

Mwalimu yeyote mwenye dadu mbili za ludo na vizibo vya soda anaweza kuanza wiki hii.